Duara Lisilo na Jina

Nianze na jambo moja ili tusije tukalaumiana baadaye. Jina la ndugu yangu humu ndani si lake. Nimemwita Mbarak kwa sababu ni lazima nimwite kitu. Jina alilopewa na marehemu baba yetu nalijua, liko hapa kifuani, lakini kuliandika siliandiki. Si hapa, si popote. Ukifika mwisho utajua kwa nini. Asiyetaka kuamini na asiamini, mimi siuzi kitu.

Ilikuwa Jumanne, alasiri imekwisha, jua limeanza kuwa jekundu. Mimi na Mbarak tulikuwa juu ya pikipiki yangu, Kinango tumeiacha nyuma kitambo, tunakwenda kuangalia duara moja. Duara dogo kama punje ya mtama, lililochapwa kwenye ramani ya zamani. Tulitaka tulione, niandike jina lake, turudi zetu Ukunda. Husna, mke wa Mbarak, alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja. Mbarak alimwahidi atarudi kabla ya chakula cha usiku na ukwaju wa bara, maana bibi huyo siku hizo alikuwa hali kitu bila ukwaju.

Gurudumu lilikuwa limetupasukia njiani, tukapoteza saa mbili nzima.

"Kaka Swabir," Mbarak alinipigia kelele sikioni, "punje moja ya wino ndiyo inayotutembeza hivi?"

"Ndiyo hiyo."

"Si ungeandika chochote? Nani atakuja kuhakikisha?"

"Mimi."

Akacheka. Mbarak alikuwa na kicheko kinachoanzia puani kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu kinamshinda.

Mimi nina duka Ukunda. Natoa fotokopi, natia vitambulisho plastiki, na nachora ramani. Sikusoma ramani shuleni. Niliachia darasa la saba, mengine nikajifunza mwenyewe kwa vitabu vilivyochanika na kwa miguu yangu. Watu wanaogombania mipaka ya mashamba wananijua, wengine hawanipendi, kwa sababu nina sheria moja: nisichokiona kwa macho yangu sikichori. Nimewahi kumfukuza mtu dukani nimeinua kiti, alitaka nimsogezee mto kwenye ramani.

Basi wiki moja kabla ya Jumanne ile alikuja mwanamke mmoja wa bara, Rispah, anafanya kazi kwenye hoteli moja ya Diani. Akatandaza mezani ramani ya serikali ya mkoloni, ya miaka ya hamsini, ameinunua kwenye mtandao kutoka ng'ambo. Ilikuwa ya Mlima Mwatsaka na msitu wake. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Msitu wa kijani, mistari ya mwinuko ya rangi ya udongo imebanana kama alama za kidole gumba. Ndani ya kijani, maduara saba. Sita yalikuwa na majina: Kwa Ngala. Kwa Tsuma. Kwa Mwero. Kwa Mangi. Kwa Abubakar. Kwa Sanga.

La saba halikuwa na kitu.

"Fundi, nataka kopi kubwa ya kuweka pale mapokezi," Rispah alisema. "Lakini hiyo nafasi tupu inakaa vibaya. Weka jina yoyote, bana."

"Jina lolote siweki. Mahali pana jina lake."

"Sasa nani atajua?"

Nilikuwa karibu kumrudishia karatasi yake. Lakini ile ramani ilikuwa imeshanishika. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, nitalitafuta duara, nitamuuliza mwenyeji. Nikaifuatisha yote kwa wino mweusi kwenye ile karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, nikabakisha duara moja. Mbarak akasema siendi peke yangu. Akaacha kazi zake za umeme, akapanda nyuma.

Ndivyo tulivyofika.

Pikipiki tuliiacha kwenye nyumba ya mwisho chini ya mlima. Mwanamke wa Kiduruma, umri wa mama yetu hivi, alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi. Jina lake Dama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta kiwanja?"

"Tunatafuta duara," Mbarak alimjibu.

"Duara?" Akainua mdomo kuelekea mekoni. "Chungu changu kile pale. Duara zuri, lina mchicha."

Tukacheka wote. Nikamtandazia ramani, akasema yeye hasomi, nimsomee. Nikasoma. Kwa Ngala, Kwa Tsuma, Kwa Mwero... Nilipofika kwa Sanga, mikono yake iliacha mahindi.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hao hawakuwa na nyumba humo," akasema. "Humo hajalima mtu tangu dunia iwe dunia."

"Sasa walikuwa na nini?"

"Walikuwa na kazi. Walimbebea mzungu minyororo ya kupimia ardhi, yule wa kioo cha miguu mitatu. Waliingia watu saba na mzungu wao. Akatoka mzungu na karatasi zake, akatoka na babu yangu."

"Na wale sita?"

Akanitazama kama ninayemchezea.

"Si umewasoma hapo?"

Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, sikatai. Nikamwambia mama, msitu una chui, una nyoka, una homa, watu hufa bila ya kuongezewa chumvi. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba mzee wa kaya, mlinzi wa msitu ule, yuko msibani, kwa hiyo yeye hawezi kuturuhusu wala kutukataza. Tukiingia tuache viatu kwake, na tukitoka tutoke na kila tulichoingia nacho.

Mbarak akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani. Mimi niliingia na mabuti yangu.

Hilo nalikumbuka sana. Yeye ndiye aliyetii.

Msitu ulikuwa baridi. Nikashika dira, nikashika ramani, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba ramani ilikuwa kweli tupu. Njia iliyochorwa kabla sijazaliwa ilikuwa palepale. Pigeni hesabu, ninyi mnaosoma. Njia ya msituni isipopitwa mwaka mmoja inakufa. Hii ilikuwa wazi, upana wa mtu mmoja, na hakuna anayeingia humo.

Duara la kwanza tulilipata baada ya hatua mia mbili, kama lilivyoandikwa.

Lilikuwa uwanja mdogo, ukubwa wa chumba. Hapakuwa na jani chini. Juu miti imefunga, majani yanadondoka kila mahali, lakini pale hapakuwa na hata moja. Udongo ulikuwa na mistari mistari ya ufagio.

"Kumefagiwa," Mbarak akasema.

"Upepo."

"Kaka, upepo unafagia duara?"

La pili lilikuwa vilevile. La tatu vilevile. Na harufu ikaanza. Mwanzo nilidhani ni jani fulani tumelikanyaga. La nne nikaijua.

Karafuu maiti.

Ile wanayotia kwenye sanda.

Mbarak aliacha mzaha kidogo, tukaongeza mwendo, tukapita la tano na la sita bila kusimama. Ningerudi hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini nimekwambia nina sheria yangu.

Duara la saba lilikuwa juu kabisa, mgongoni mwa mlima. Mbarak alinitangulia, akasikika anaita, "Hili hapa!" Nikatoka kwenye vichaka nikamkuta amesimama katikati, amejishika kiuno. Hili halikuwa limefagiwa. Majani yalikuwa yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu yake. Ufagio wa fito ulikuwa umelazwa ukingoni. Fito zake mbichi.

"Basi ni pangu," Mbarak alisema, akicheka ili ajitoe hofu. "Nimefika wa kwanza. Andika: Kwa Mbarak."

Sikiliza. Huku kwetu pwani, mahali huitwa hivyo. Aliyefika wa kwanza, aliyefyeka wa kwanza, pakaitwa kwake. Nusu ya vituo unavyoshukia vimepata majina hivyo, na wenyewe wameshaoza. Nikapima maneno ya ndugu yangu nikaona ni ya haki. Hakuna mwenyeji mwingine. Amefika wa kwanza, mimi ni shahidi. Hapakuwa na uongo ndani yake.

Nikapiga goti, nikaweka ubao wangu juu ya paja, nikatoa kalamu.

Nikaandika. Kwa wino. Sichori kwa kukumbuka, naandika palepale.

"Tayari," nikasema. "Umekuwa mtu mkubwa, una mlima."

"Sasa nipasafishe kwangu." Nikasikia anaokota ufagio.

Shwaa... shwaa...

Mbali sana kulikuwa na adhana ya magharibi, nyembamba kama uzi. Nikapuliza wino ukauke.

Shwaa... shwaa...

"Inatosha, twende. Giza linaingia."

Shwaa...

"Mbarak. Husna anangoja ukwaju."

Nikainua kichwa.

Hapakuwa na mtu.

Duara lilikuwa limefagiwa lote, safi kama ukumbi wa harusi. Nyayo za Mbarak zilikuwa katikati, mbili, zimesimama. Hazikwenda popote.

Na ufagio ulikuwa bado unafagia. Niliusikia, haukuwa pale. Ulikuwa chini, upande wa duara la sita. Halafu wa pili ukaanza, upande wa la tano. Halafu wa tatu. Mmoja baada ya mwingine, mlima mzima, kama wanawake wa mtaa mmoja asubuhi moja.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Nikaita jina lake. Jina lake la kweli, kwa nguvu zangu zote.

Zikanyamaza zote.

Halafu, karibu na goti langu, kutoka chini, sauti ya ndugu yangu ikajibu kwa adabu, polepole:

"Labeka."

Mbarak hajawahi kuniitikia labeka tangu azaliwe. Nikimwita, yeye husema "Sema, mzee."

Nilianza Ayatul Kursiyu nikakwama katikati, mimi niliyeihifadhi nikiwa na miaka sita. Nikakimbia. Sioni haya kusema, nilikimbia, nikamwacha ndugu yangu mlimani, na karatasi nimeikumbatia kifuani.

Dama alikuwa amesimama mwisho wa njia na taa ya sola mkononi. Alitazama nyuma yangu. Akangoja. Hakutoka mtu.

"Mlikuwa wawili," akasema.

Nikazidi kuikumbatia karatasi.

"Umemwandika."

Hakuniuliza, alisema tu. Nikampa karatasi. Hasomi, lakini aliweka kidole palepale.

"Mzungu alimuuliza babu yangu jina, kama alivyowauliza wenziwe. Babu akamwambia, jina langu mimi si mzigo wa kubebwa na mgeni. Mzungu akamtukana, akaacha hapa patupu. Ndiyo maana mimi nimezaliwa."

"Kuna nini humo, mama? Nani anayefagia?"

"Sijui. Na babu hakujua. Alichojua ni kwamba nyumba saba zilitengenezwa siku ile na moja haikupata mtu." Akanirudishia karatasi. "Lifute."

"Ni wino."

"Basi likwangue!"

Wembe ninao siku zote, wino kwenye karatasi ile hutolewa kwa wembe. Nikakaa chini mavumbini. Dama akaniinamishia taa, halafu akanishika mkono.

"Babu alisema neno moja. Kilichoandikwa humo kikitolewa, hakitoki kizima. Sikumuelewa, na simuelewi mpaka leo." Akanitazama. "Unataka nini, maelezo au ndugu?"

"Ndugu."

"Haya."

Nikaanza kukwangua. Wino wa kwenye karatasi ile ni kama ukoko, unainuka unga unga. Nilipomaliza herufi ya kwanza, jani likakanyagwa juu mlimani. Herufi ya pili, hatua nyingine. Nikikwangua, inatembea. Nikipumzisha mkono, inasimama. Na mimi sijazaliwa na subira. Herufi ya mwisho niliikwangua kwa hasira, nikasukuma wembe kwa nguvu.

Karatasi ikatoboka.

Pale palipokuwa na jina la ndugu yangu pakawa tundu. Taa ya Dama ikapita ndani yake, ikaweka doa la mwanga juu ya paja langu.

"Anakuja," Dama akanong'ona.

Akatoka kwenye giza la miti, miguu mitupu, mzima, hana hata mkwaruzo. Nilimrukia nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Alinuka karafuu maiti. Mikono yake ilikuwa imelegea, haikunikumbatia, lakini nani angejali? Dama alimletea viatu vyake. Akavitazama, akasema, "Hivi ni vya nani?"

Nikadhani ni mshtuko.

Nikampandisha pikipiki. Tulipokaribia Kinango akaniinamia sikioni, akauliza kwa upole:

"Samahani, bwana. Tunakwenda wapi?"

Tulifika Ukunda watu wameshatoka sala ya isha kitambo. Husna alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele, tayari kutugombeza. Alinigombeza mimi.

"Shemeji, saa ngapi hizi? Na simu umezima!"

Mbarak akaingia kwenye mwanga nyuma yangu. Na Husna, mke wake wa miaka tisa, alivuta leso yake haraka akajifunika nywele, akageuka pembeni.

"Ungeniambia una mgeni mwanamume," akasema kwa sauti ya chini. "Karibu, baba. Mtuwie radhi, nyumba haina mpango."

"Starehe, mama," Mbarak akajibu.

Nilifikiri wananichezea. Wallahi nilifikiri hivyo. Nikapiga kelele, nikamwita mama yetu kutoka chumbani. Mama akaja na tasbihi yake mkononi, akamtazama mtoto wake wa mwisho, akampa mkono kama anavyompa kila mgeni.

"Umekula, mwanangu?"

"Mama, huyu ni nani?"

"Sasa mgeni wako, mimi nitamjuaje?"

Nikataja jina lake. Mama akaniuliza, "Umesemaje?" Nikataja tena. "Umesemaje?" Mara ya tatu nikaona midomo yake inajaribu kulifuata jina lile na haiwezi. Nikaacha. Nilimwona ameanza kuogopa.

Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni mwake. Nilikitia plastiki mimi mwenyewe dukani kwangu, mwaka juzi. Picha ipo, namba ipo. Mahali pa jina ni peupe, na plastiki haijafunguliwa. Kwenye picha ya harusi ukutani, Husna amesimama na bwana harusi. Ukimuuliza yule ni nani, anafungua mdomo, halafu anakaa vile, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Ukimuuliza mimba ni ya nani, analia. Kwa hiyo tuliacha kumuuliza.

Mbarak nilimlaza kwangu. Hana tabu. Anakula, anaswali, anatengeneza umeme wa majirani kwa mikono ileile. Kwao hapajui. Nikimwita jina lake hageuki, si kwa kukataa, ni kama ninamwita mtu mwingine barabarani.

Siku ya tatu nikapata akili, au niliyodhani ni akili. Kama jina limetolewa kwa wembe, nitalirudisha kwa kalamu. Nikachukua karatasi nyeupe, nikakaa dukani, nikaanza herufi ya kwanza.

Mbarak alikuwa nje anakunywa kahawa. Akaweka kikombe chini, taratibu. Akavua viatu, akavipanga. Akaanza kutembea kuelekea barabara ya Kwale, uso wake mlimani, na watu wanampisha. Magari yanapiga honi, hasikii. Nilipochana karatasi ile ndipo aliposimama katikati ya lami, akatazama miguu yake mitupu, akauliza mwenye toroli kama anajua duka la Bwana Swabir.

Nikajua basi. Jina likiwa kwenye karatasi, yeye ni wa huko. Lisipokuwepo, yupo hapa, si wa mtu yeyote.

Rispah nilimrudishia ramani yake. Nakala sikumpa, naificha, ina tundu. Juzi alinipigia simu kwamba nisijali, amepata fundi mwingine, kijana wa kompyuta, hana maneno mengi. Nilimtukana nikimwonya, akakata simu.

Husna alijifungua wiki ya nne baada ya siku ile, asubuhi, kwenye zahanati. Mtoto wa kike. Mama alikuwa naye ndani, mimi nje, na Mbarak kando yangu kwenye benchi. Alisema asingeweza kuniacha peke yangu siku kama hiyo, nimemfanyia wema mwingi. Miguu yake ilikuwa haitulii, mara akae, mara asimame. Nilimuuliza ana nini, akasema hajui mwenyewe.

Muuguzi akatoka na fomu, akaniita ndani.

Husna alikuwa amelala, mtoto kifuani. Usiku wa kuamkia siku ile alinishika kanzu, akaniambia, "Shemeji, mimi sijui nimefanya nini wala nimefanya na nani. Mungu anajua mimi si mwanamke wa hivyo. Lakini usimwache mwanangu aandikwe hana baba." Sasa alinitazama tu.

Muuguzi aliandika jina la mama. Akaandika uzito. Akageuza kalamu.

"Jina la baba?"

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale niliiona miguu ya ndugu yangu chini ya benchi, na viatu vyake.

Jina lilikuwa mdomoni mwangu. La kweli, alilopewa na baba yetu, alilongojea miaka tisa kulitia nyuma ya jina la mtoto. Ningelisema, lingeandikwa. Angevua viatu, akavipanga, akaenda, na Husna pengine angemkumbuka mumewe kwa muda wa kumwona anaondoka. Ningesema hakuna, mtoto yule angelibeba hilo maisha yake yote, na mama yake pia.

"Baba," muuguzi aliniambia, "wengine wanangoja. Jina la baba wa mtoto?"

Miaka ishirini sijachora mto mahali usipopita.

"Swabir," nikasema. "Andika Swabir."

Akaandika. Mama yetu, kwenye kona, alishika mdomo wake kwa kiganja. Alinitazama kwa namna ambayo hajaiacha mpaka leo. Husna alifumba macho.

Nilimchukua mtoto nikatoka naye. Mbarak akasimama mara moja, akapangusa mikono kwenye suruali kwa heshima.

"Hongera sana, bwana. Kumbe ni wako! Ulinificha." Akacheka, kile kicheko cha puani kilichomshinda, na mtoto akafumbua macho akageuza kichwa kule kilikotoka. "Nani huyu?"

"Msichana."

"Mashallah. Mungu amkuze." Akainama karibu, akamtazama, akazidi kumtazama. Kidole chake kikagusa sikio la mtoto, lile sikio dogo lililokunjika juu, ambalo katika ukoo wetu analo mtu mmoja tu.

"Amefanana na nani?" akaniuliza.